Kompyuta Inakufa kwa Skrini ya Bluu Kila Mara: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya kompyuta za mezani na laptopu zenye Windows 10 au 11. Skrini ya bluu ikitokea mara moja katika miezi sita, endelea na kazi zako. Ikitokea mara mbili ndani ya wiki moja ina chanzo, na mara nyingi chanzo hicho unaweza kukitafuta mwenyewe kabla ya kumlipa mtu.

Skrini ya bluu yenyewe inaharibu kompyuta?

Haiharibu. Kiini cha Windows kikikutana na jambo ambalo hakiwezi kulivuka salama, kwa mfano draiva (programu ndogo inayoendesha kifaa) imegusa sehemu ya RAM (kumbukumbu ya muda) isiyo yake, kinasimamisha mashine nzima ili vilivyomo kwenye diski visije vikaandikwa ovyo. Kabla ya kuzima, kinajaribu kuandika faili la ajali lenye hali ya mashine ilivyokuwa dakika ile. Unachopoteza ni kazi ambayo hukuihifadhi. Kinachoweza kuendelea kuharibika ni kile kilichosababisha skrini, hasa kama ni diski au pawasaplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta).

Yangu ni nyeusi, si ya bluu. Ni tatizo lile lile?

Ndiyo. Kwenye Windows 11 toleo la 24H2, kuanzia masasisho ya mwaka 2025, Microsoft imeibadilisha rangi na kuondoa uso wa huzuni pamoja na msimbo wa QR. Soma mistari ya chini: kuna jina la kosa na, ikijulikana, jina la draiva iliyohusika. Skrini nyeusi tupu isiyo na maandishi ni suala jingine.

Inajiwasha upya haraka mno, siwahi kusoma kitu. Nifanyeje?

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `sysdm.cpl`, kisha nenda "Advanced", halafu "Settings" iliyo chini ya "Startup and Recovery". Toa tiki kwenye "Automatically restart". Hapo hapo, kwenye "Write debugging information", chagua "Small memory dump (256 KB)". Kuanzia sasa skrini itabaki mpaka uzime mwenyewe, na kila ajali itaacha faili dogo ndani ya `C:\Windows\Minidump`.

Kwa ajali zilizokwisha kupita, fungua `eventvwr.msc`, ingia "Windows Logs", kisha "System", utafute tukio namba 1001 linalotaja bugcheck, yaani ajali ya skrini ya bluu. Karibu nalo utaona namba 41 ya Kernel-Power. Watu wengi huiona hii 41 wakadhani ndiyo chanzo, lakini inasema tu kwamba mashine haikuzimwa vizuri. Faida yake iko kwenye kichupo cha "Details": pana mstari wa BugcheckCode, na namba yake imeandikwa kwa desimali, tofauti na ile ya skrini inayoanza na 0x. 26 ni 0x1A, 209 ni 0xD1, 278 ni 0x116, 292 ni 0x124, 307 ni 0x133. Ikiwa ni 0, mara nyingi hapakuwa na skrini ya bluu kabisa: umeme ulikatika, pawasaplai ililegea, au mtu alishikilia kitufe cha kuzimia. Nenda moja kwa moja kwenye swali la umeme hapa chini.

Fundi anasema nipige Windows upya. Nikubali?

Si kwanza. Hii ndiyo dawa inayotolewa haraka kuliko zote, na ndiyo inayopoteza pesa za watu wengi. RAM ikiwa mbovu, Windows mpya itanakiliwa kupitia RAM hiyo hiyo mbovu, na baadhi ya mafaili yatakuwa yameharibika tangu siku ya kwanza. Mashine itatulia siku mbili tatu kwa sababu bado haina mzigo, halafu inarudi kule kule. Zaidi ya hayo, mafaili ya ajali yanafutika, na ushahidi ndio huo umekwenda.

Kupiga Windows upya kuna maana pale tu ambapo RAM na diski zimepimwa zikaonekana nzima, na mafaili ya mfumo yamekataa kutengenezeka. Ikiwa baada ya Windows safi, kabla hujaweka programu yoyote, skrini inarudi, tatizo ni la vifaa. Usiipige tena mara ya tatu.

Majina yale yanayotokea kwenye skrini yanamaanisha nini?

Yachukulie kama dalili. Jina moja laweza kuwa na vyanzo viwili au vitatu, ila yanasaidia kujua pa kuanzia.

MEMORY_MANAGEMENT (0x1A) na PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA (0x50): anza na RAM. Majina yakiwa yanabadilika kila mara, leo hili kesho lile bila mpangilio, hiyo nayo huelekeza kwenye RAM. Draiva mbovu kwa kawaida hurudia jina lile lile.

DRIVER_IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL (0xD1): mara nyingi draiva, na mara nyingi ya mtandao, yaani Wi-Fi au kadi ya LAN. DRIVER_POWER_STATE_FAILURE (0x9F) hutokea mashine inapolala au kuamka. Ni draiva iliyoshindwa kubadili hali ya umeme. VIDEO_TDR_FAILURE (0x116): kadi ya grafiki iligoma na draiva yake ikashindwa kuiamsha.

WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR (0x124) ni kifaa chenyewe kimeripoti kosa. Hapa fikiria volti, prosesa iliyoongezewa kasi, RAM iliyowekewa XMP (mpangilio wa kuiongezea kasi), joto, au madabodi (bodi kuu). Kuhangaika na antivirasi kwenye kosa hili ni kupoteza muda.

KERNEL_DATA_INPAGE_ERROR (0x7A): Windows ilitaka kusoma kitu kutoka kwenye diski ikashindwa. Nakili mafaili yako leo, si kesho. DPC_WATCHDOG_VIOLATION (0x133) huonekana sana kwenye SSD yenye programu-ndani (firmware) ya zamani au draiva ya diski isiyoelewana nayo. CRITICAL_PROCESS_DIED (0xEF) yaweza kuwa diski au mafaili ya mfumo yaliyoharibika.

Nipime vipi RAM?

Kwanza ingia BIOS (mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka) uzime XMP au EXPO, au chochote ulichoongeza kasi. Kipande cha RAM kinachouzwa kama cha 3600 hufika kasi hiyo kwa mpangilio wa ziada, na si kila prosesa huuvumilia. Tumia mashine siku kadhaa katika kasi yake ya kawaida. Skrini zikikoma, umepata jibu bila kununua kitu.

Zikiendelea, pima. Chombo cha Windows chenyewe, `mdsched.exe`, ni cha haraka lakini hupitwa na makosa mengi. Kikisema kuna kosa, kiamini. Kikisema hakuna, usikiamini. Tumia MemTest86 kutoka kwenye flashi. Toleo la bure hupita mara nne, na kwa GB 16 hilo ni jambo la saa kadhaa, kwa hiyo iache usiku. Kwenye mashine za zamani zisizo na UEFI (BIOS ya kisasa) tumia Memtest86+, maana matoleo mapya ya MemTest86 hayawaki humo. Kosa hata moja tu, nyekundu, linatosha kuihukumu RAM. Hakuna "makosa machache yanayokubalika".

Ikiwa kuna vipande viwili na kosa limetokea, zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kama kumi ili chaji iliyobaki iishe, kisha gusa chuma cha kasha. Toa kipande kimoja, pima kilichobaki. Badilisha, pima cha pili katika sloti ile ile. Kosa likifuata kipande, kipande ni kibovu. Likibaki kwenye sloti bila kujali kipande, shaka ni ya sloti, madabodi au prosesa. Kwenye bodi nyingi zenye sloti nne, sloti sahihi ya kipande kimoja ni ya pili kutoka kwa prosesa.

Kabla ya kutupa kipande, kisafishe. Mombasa, Tanga, Unguja na miji mingine ya pwani, hewa ya chumvi na unyevu huacha utando kwenye meno ya dhahabu ya RAM. Yasugue taratibu kwa kifutio cheupe laini, pangusa mabaki yote, malizia kwa kitambaa chenye alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, acha ikauke. Kirudishe mpaka klipu zilie tak. Kipande kilichoingia nusu hufanya kazi kwa saa kadhaa kisha kinaangusha mashine, na ni kosa la kawaida kuliko watu wanavyodhani.

Jihadhari pia na mchanganyiko. Kipande cha duka moja na kingine cha duka jingine, hata vikiwa na GB sawa, vyaweza kupita mtihani kila kimoja peke yake na kugombana vikiwa pamoja. Pima tena vikiwa pamoja.

Na diski?

Nakili kwanza nyaraka na picha zako, ndipo upime. Usianze na `chkdsk /r` kwenye diski inayokufa: amri hiyo husoma kila sekta na yaweza kuimaliza kabla hujaokoa kitu.

Sakinisha CrystalDiskInfo. Kwenye diski ya kuzunguka angalia mistari mitatu: 05 (sekta zilizohamishwa), C5 (zinazosubiri) na C6 (zisizosomeka). Namba kwenye safu ya mwisho iwe sifuri. Ikiwa si sifuri na inapanda kila wiki, nunua nyingine. C7 ikipanda huku ile mitatu iko sifuri, tatizo ni kebo ya SATA, si diski. Badilisha kebo. C7 haishuki tena, ila itaacha kupanda. Kwenye SSD angalia asilimia ya afya iliyobaki na uingie kwenye tovuti ya mtengenezaji kutafuta sasisho la programu-ndani.

Diski ikiwa nzima, ndipo utengeneze mafaili ya Windows. Fungua Command Prompt kama msimamizi:

`DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth`
`sfc /scannow`

Mpangilio ni huo. DISM hutengeneza ghala ambalo sfc huchukua mafaili kutoka humo, na huenda ikatumia bando, kwani hupakua kutoka Windows Update. Ikigoma kwa sababu ya mtandao, elekeza `/Source` kwenye mafaili ya Windows yaliyo ndani ya ISO ya toleo hilo hilo.

Nitajuaje draiva ipi ni ya kulaumiwa?

Fungua mafaili ya Minidump kwa BlueScreenView ya NirSoft. Ni nyepesi na inatosha kwa watu wengi. Ukitaka undani, WinDbg ya Microsoft na amri `!analyze -v`. Usidanganyike ukiona `ntoskrnl.exe`. Hicho ni kiini chenyewe, na kinatajwa kwa sababu ndicho kilichokuwa kikifanya kazi mambo yalipoharibika. Tafuta jina la draiva isiyo ya Microsoft: `nvlddmkm.sys` ni NVIDIA, `amdkmdag.sys` ni AMD, `igdkmd64.sys` ni grafiki ya Intel, majina yanayoanza na `Netwtw` ni Wi-Fi ya Intel, `rt640x64.sys` ni LAN ya Realtek. Lisilojulikana, litafute ndani ya `C:\Windows\System32\drivers`, bonyeza kulia, "Properties", kisha "Details", utaona kampuni na tarehe.

Ukishalijua, draiva ipate kwenye ukurasa wa mtengenezaji wa laptopu au madabodi kwa kutumia namba halisi ya modeli. Programu zile zinazojitangaza kuwa zinasasisha draiva zote kwa mbofyo mmoja ziache. Mara nyingi huleta draiva ya modeli jirani, na kazi yako inakuwa mara mbili. Ikiwa skrini zilianza baada ya sasisho, rudi nyuma: Device Manager, kifaa chenyewe, "Properties", "Driver", "Roll Back Driver". Kwa kadi ya grafiki, ifute draiva yake kabisa kwa DDU (Display Driver Uninstaller) ukiwa kwenye hali salama (Safe Mode), mtandao umekatwa ili Windows isikuwekee nyingine katikati, kisha sakinisha upya.

Chombo cha mwisho ni Driver Verifier (`verifier`). Huzikamua draiva kwa makusudi mpaka iliyo mbovu ijitaje kwa skrini ya bluu. Tengeneza kwanza nukta ya kurejesha mfumo, chagua zile zisizo za Microsoft tu. Mashine ikikataa kuwaka, ingia hali salama uandike `verifier /reset`. Wasiojiamini kwa hatua hiyo wasiiguse.

Inatokea nikicheza gemu tu, au mchana wa joto. Ni joto?

Huenda, lakini joto halisi la kupindukia mara nyingi huzima mashine kimya bila skrini yoyote. Prosesa hupunguza kasi kwanza, ikishindwa inajikata. Pima kwa HWiNFO wakati gemu linaendelea. Prosesa ikikaa chini ya nyuzi 85 hiyo si shida. Ikigonga 95 hadi 100 kwa dakika nzima, safisha vumbi na ubadilishe pesti inayopitisha joto kutoka kwa prosesa kwenda kwenye hitsinki (chuma cha kuipoza).

Ukipuliza vumbi, zuia feni kwa kidole isizunguke. Feni inayozungushwa na upepo yaweza kuharibika beringi au kurudisha umeme kwenye bodi. Pesti ni kiasi cha punje mbili za mchele katikati ya prosesa ya kawaida ya mezani. Ukishatoa hitsinki, pesti ya zamani ifute yote, usipake mpya juu yake.

Gemu ikiangusha mashine na joto liko sawa, angalia pawasaplai. Gemu ndiyo saa ambayo kadi ya grafiki huvuta umeme mwingi kuliko wakati wowote.

Umeme wa mtaani unaweza kuleta skrini ya bluu?

Unaweza, kwa njia mbili. Ya kwanza ni kukatika ghafla katikati ya kuandika kwenye diski, mafaili ya mfumo yanaharibika, na skrini zinaanza siku zinazofuata. Ya pili ni taratibu zaidi: volti inayopanda na kushuka huchosha kapasita za pawasaplai mpaka inashindwa kushikilia 12 V mzigo ukipanda. Kiwango kinachoruhusiwa ni kati ya 11.4 na 12.6. HWiNFO huonyesha, lakini vipimo vya bodi si sahihi sana. Jaribio la kweli ni kuazima pawasaplai nzima kwa siku chache. Ndani, tazama kapasita za madabodi zilizovimba juu au kuvuja. Usifungue pawasaplai yenyewe: hubaki na chaji hatari hata ikiwa imechomolewa.

Wanaonunua mashine zilizotumika kutoka Ulaya na Marekani wazingatie mambo mawili. Pawasaplai za kompyuta ndogo za ofisini, kwa mfano Dell OptiPlex za kasha dogo, zina umbo na plagi zake, na ya kawaida ya ATX haiingii. Na baadhi ya pawasaplai za zamani zina swichi nyekundu nyuma ya 115 na 230. Mashine iliyotoka Marekani ikiwa kwenye 115 na ukaichomeka kwenye umeme wetu wa 230 au 240, hutapata skrini ya bluu, utapata moshi.

UPS inasaidia sana. Ila zile za bei ya chini na baadhi ya inveta hutoa wimbi la ngazi badala ya wimbi laini, na pawasaplai zenye PFC amilifu (sakiti ya kurekebisha uvutaji wa umeme) huzichukia: mashine huzima sekunde ile ile UPS inapochukua kazi. Ukiona hivyo, usiilaumu Windows.

Haifiki hata kwenye Windows, inaanguka wakati wa kuwaka.

Iwashe na kuizima kwa nguvu mara tatu mfululizo nembo ikionekana, itaingia yenyewe kwenye mazingira ya urekebishaji. Huko, "Troubleshoot", "Advanced options": jaribu "Uninstall Updates" kama kulikuwa na sasisho, kisha "System Restore", kisha "Startup Settings" na namba 4 kwa hali salama. Ikikudai ufunguo wa BitLocker (kufuli la Windows la kusimba diski) wenye tarakimu 48, uko kwenye akaunti yako ya Microsoft, sehemu ya vifaa. Tafuta ufunguo huo leo, mashine ikiwa bado inawaka.

Kosa likiwa INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE (0x7B) na saa ya kompyuta imerudi miaka nyuma, betri ya CR2032 ya madabodi imekufa. BIOS imerudi kwenye mpangilio wa kiwandani na huenda imebadilisha SATA kutoka AHCI kwenda RAID (njia mbili tofauti za kuendesha diski) au kinyume chake. Badilisha betri, rudisha mpangilio ulivyokuwa, na Windows itawaka bila kupoteza faili hata moja. Mashine nyingi za namna hii hufutwa bure.

Nina Intel ya kizazi cha 13 au 14. Nimesikia zina kasoro.

Baadhi ya Core za mezani za vizazi hivyo zilipata kuyumba kwa sababu ya volti iliyozidi. Dalili ni programu na gemu kuanguka ovyo, wakati mwingine na skrini ya bluu. Intel ilitoa marekebisho ya maikrokodi (maelekezo ya ndani ya prosesa), 0x129 Agosti 2024 na 0x12B Septemba 2024, yanayoingia kwa kusasisha BIOS. Yanazuia uharibifu, hayaponyi prosesa iliyokwisha kuathirika, na kwa ajili hiyo Intel iliongeza dhamana kwa miaka miwili. BIOS isasishwe ukiwa na UPS iliyojaa. Umeme ukikatika katikati, unaweza kuachwa na bodi isiyowaka.

Ile ajali ya dunia nzima ya Julai 2024 inanihusu?

Kwa kompyuta ya nyumbani, karibu hakika hapana. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho bovu la CrowdStrike liliangusha mashine takriban milioni 8.5 za Windows, lakini hiyo ni programu ya ulinzi ya makampuni. Funzo lake la kiufundi linakuhusu kidogo: antivirasi hufanya kazi ndani ya kiini, kwa hiyo ukiwa na mbili kwa pamoja, ondoa moja kabla ya kutafuta mchawi mwingine. Vivyo hivyo programu za kuiamilisha Windows bila leseni: zinagusa mafaili ya mfumo, na si ajabu zikaja na virusi.

Nikienda kwa fundi, nimpelekee nini?

Folda ya Minidump kwenye flashi, picha ya skrini iliyopigwa kwa simu, picha ya CrystalDiskInfo, na karatasi yenye tarehe, saa, ulichokuwa ukifanya na ulichobadilisha karibuni. Mwambie umeshapima RAM kwa muda gani na vipande vipi. Mwombe akurudishie kila kifaa cha zamani alichotoa, na abadilishe kimoja kwa wakati. Akibadilisha RAM, pawasaplai na Windows siku moja, skrini zikikoma hutajua umelipia nini, na zikirudi hutajua pa kuanzia.